Ramani Tuliyoitilia Saini Bila Kuisoma

Kila mwaka, majibu ya mtihani wa kidato cha nne yanapotoka na vijana wakajua ni chuo gani wamepangiwa, baraza yetu ya baada ya sala ya Alasiri hugeuka mahali pa mashauri. Wazazi huja na simu mkononi, au na karatasi iliyochapishwa dukani, wakatuuliza: somo hili ni la nini, na mwisho wake ni upi? Mara nyingi jawabu huwa jepesi. Udaktari kila mtu anaujua, ualimu vilevile, na uhasibu haikosi nyumba yenye ami au mjomba aliyewahi kuufanya.

Miaka kadhaa iliyopita alitujia mzee mmoja, jirani yetu, amefuatana na kijana wake. Kijana alikuwa ameitwa chuo kikuu kimoja huko bara kusomea mipango ya miji na maeneo. Mzee alikuwa na uso wa mtu aliyetwikwa mzigo asioujua uzito wake.

"Maalim," alituambia, "mimi katika nyumba ile ni mpangaji, mwaka wa thelathini huu. Leo mwanangu aende chuo kikuu miaka minne kujifunza upangaji?"

Baraza nzima ikacheka, nasi tukacheka pamoja nao. Kiswahili chetu kimempa mwenye kulipa kodi ya nyumba na mwenye kuupanga mji jina moja, na huenda hilo nalo ni katika sababu za elimu hii kudharauliwa kwetu. Kicheko kilipotulia, mzee akauliza kwa dhati: "Au ndio wale wanaokuja na rangi nyekundu kutia alama kwenye kuta za watu, kisha linafuata tingatinga?"

Tulimjibu kwa sauti ya mtu anayejua, na wala hatukuwa tukijua. Tulimwambia kazi hiyo ni ya ofisini tu, kazi ya serikali, haina baraka nyingi, na kama kuna njia ya kubadilisha, basi kijana abadilishe aende ualimu au biashara. Kijana alikuwa ameinamisha kichwa, hakusema neno. Alibadilisha. Leo ni mtu mzima mwenye kazi ya halali na watoto wawili, alhamdulillahi, na hajapata kutulaumu. Lakini makala haya tumeyaandika kwa ajili yake, na kwa ajili ya kila mzazi ambaye mwaka huu atashika karatasi kama ile.

Kilichotuzindua ni njia ya diko.

Wasomaji wa mtaani kwetu wanaijua. Huanzia ubavuni mwa msikiti, ikapita baina ya kuta mbili kuukuu, ikateremka hadi dikoni ambapo mashua hupwelewa. Alfajiri hupita wavuvi na makasia mabegani. Jua likitoka hupita mama karanga na beseni zao za samaki. Na tangu enzi za babu zetu ndiyo njia ya majeneza, kwa kuwa makaburi yako ng'ambo ya kijito. Haina jina kwenye kibao chochote. Haina hatimiliki. Hakuna aliyewahi kufikiri kuwa njia yahitaji karatasi.

Siku moja tukaalikwa mkutanoni. Ofisi moja ya serikali, ambayo hatutaitaja, ilikuwa ikitayarisha mpango wa matumizi ya ardhi wa sehemu yetu, na wazee, maimamu, kina mama na vijana waliombwa waje watoe maoni. Tulikwenda kwa wingi. Ukutani palitundikwa ramani kubwa ya rangi nyingi. Kijana mmoja aliyevaa tai alizungumza kwa muda wa saa nzima, nusu Kiswahili nusu Kiingereza. Kisha ikaombwa dua, na sisi ndio tulioombwa tuiombe. Tukanywa soda, tukala sambusa, na karatasi ya mahudhurio ikapitishwa. Jina letu lilikuwa la kwanza juu ya ukurasa, na saini yetu mbele yake.

Mzee mmoja alinyosha kidole akauliza mbona upande wa diko umepakwa rangi nyekundu. Sote tulidhani nyekundu ni hatari, labda bahari italeta mafuriko. Aliambiwa asiwe na wasiwasi, akakaa.

Miezi ikapita. Asubuhi moja wavuvi walikuta nguzo za saruji zimesimikwa kukata njia, na bango la ujenzi kando yake. Tulipokwenda kulalamika tuliambiwa kwa upole kwamba mpango ule ulipitia kwa wananchi, na wananchi hawakupinga. Tulifunguliwa faili. Ndani yake ilikuwamo karatasi ya mahudhurio, na jina la kwanza lilikuwa letu.

Usiku ule usingizi haukutujia kwa wepesi.

Aliyetuokoa katika aibu ile, baada ya Mwenyezi Mungu, ni binti mmoja wa mtaa wa pili. Alikuwa mwaka wa nne chuo kikuu, somo lile lile tuliloliita la ofisini tu, na alikuwa amerudi nyumbani kwa likizo. Mamake alimleta barazani baada ya Isha, akaketi karibu na mlango, akasema, "Ami, naweza kuiona hiyo ramani?"

Tulimkunjulia nakala. Hakuitazama kama tulivyoitazama sisi, kama picha. Aliisoma, kama mtu asomavyo barua. Akatufundisha kwamba rangi zile si mapambo. Katika ramani za mipango za nchi hii, kahawia ni makazi, zambarau ni viwanda, rangi ya chungwa ni shule na vyuo, kijani ni viwanja vya mapumziko, manjano ni mahali pa huduma za umma, nyekundu ni biashara, buluu ni huduma kama maji na umeme, na kijivu ni barabara na njia. Ile nyekundu iliyomtia mzee wetu hofu haikuwa ya mafuriko. Ilikuwa na maana kwamba ardhi ya ufuo ule imetengewa biashara.

"Lakini Ami," akasema, "hiyo si shida kubwa. Hata mauzo ya samaki ni biashara. Shida ni hapa." Akaweka kidole baina ya msikiti na bahari. "Hapa palifaa pawe na mstari wa kijivu. Haupo."

Kwa hivyo kilichotudhuru hakikuwa jambo lililochorwa. Kilikuwa jambo ambalo halikuchorwa, na watu zaidi ya arubaini waliokuwa mkutanoni, tuliozaliwa na kukulia juu ya njia ile, hakuna hata mmoja aliyeiona kuwa haipo.

Binti yule alifanya kazi siku kumi. Alikwenda kwenye ofisi ya upimaji akatafuta karatasi za ramani za zamani, na katika mojawapo akaikuta njia yetu, imetiwa kwa vidoto vidoto. Alitembea na simu yake kutoka msikitini hadi majini akipima kila pembe. Asubuhi tatu alikaa na mama karanga tangu alfajiri, akiandika kila apitaye na alichobeba. Akawahoji wazee, akaandika pingamizi kwa lugha ya sheria, akatuonyesha ni kamati gani ipelekewe na kwa siku ngapi. Sisi kazi yetu ilikuwa kutia saini tena, safari hii baada ya kusoma.

Nguzo mbili zimeng'olewa. Mbili zingali zimesimama. Jeneza hupita, ila wachukuzi hulazimika kugeuka ubavu. Shauri lingali mbele ya kamati, kwa hivyo hatutasema zaidi.

Tuseme basi juu ya elimu yenyewe, kwa sababu tangu siku ile tumemsumbua binti yule na walimu wake kwa maswali mengi kuliko inavyompasa mtu wa umri wetu.

Wengi hudhani mipango miji ni kuchora nyumba. Hapana. Achoraye nyumba ni msanifu majengo. Apimaye mipaka ya kiwanja ni mpimaji. Ahakikishaye kuwa daraja halitaanguka ni mhandisi. Mpangaji miji hushughulika na yale yaliyo baina ya nyumba na nyumba, na baina ya mji na mji: njia ipite wapi, shule ikae wapi ili mtoto asivuke barabara kuu, maji machafu ya mtaa wa juu yaende wapi ili yasiingie kisimani mwa mtaa wa chini, soko liwe na nafasi gani, na watu watakaozaliwa miaka ishirini ijayo watalala wapi. Kwa ajili hiyo mwanafunzi hulazimika kuonja elimu nyingi. Husoma jiografia na uchumi, takwimu, sheria za ardhi, mazingira, usafiri, makazi, na programu za tarakilishi zinazotandika ramani moja juu ya nyingine, ya udongo juu ya ya maji, ya maji juu ya ya watu.

Sehemu iliyotupendeza zaidi ni ile waiitayo studio. Wanafunzi hupewa mji au mtaa wa kweli. Huenda kwa miguu, wakahesabu nyumba, vyoo, visima na maduka, wakawauliza wakaazi, wakarudi chuoni kuchora hali ilivyo na namna inavyoweza kuwa. Kisha husimama mbele ya walimu kuitetea kazi yao, na walimu huwa hawana huruma. Binti yetu alitueleza kuwa mara ya kwanza mpango wake ulirudishwa kwa swali moja tu: mtu kipofu atafikaje zahanati hii? Alikuwa hakulifikiria. Alilia, akauchora upya.

Kwa utaratibu wa chuo kikuu, elimu hii si kongwe sana. Chuo Kikuu cha Liverpool, Uingereza, kilifungua idara ya kwanza mwaka 1909 kwa fedha za tajiri wa sabuni, William Lever. Nchini mwetu, Chuo Kikuu cha Nairobi kilianzisha idara ya mipango ya miji na maeneo mwaka 1971, ikianza na shahada ya uzamili kabla ya shahada ya kwanza kuongezwa baadaye. Leo husomeshwa pia Maseno na vyuo vinginevyo. Kwa jirani zetu wa Tanzania kuna Chuo Kikuu Ardhi, Dar es Salaam, kilichoanza mwaka 1956 kama shule ya wapimaji na kufikia daraja ya chuo kikuu kamili mwaka 2007.

Wazee wetu wana haki ya kuwashuku wapangaji. Mipango ilipotufikia kwanza ilikuja na mkoloni, na mkoloni alipanga kwa kutenga. Mwaka 1923 Mwingereza H. V. Lanchester alichapisha mpango wake wa mji wa Unguja, na mipango ya zama zile iliuona Mji Mkongwe na Ng'ambo kama miji miwili ya watu wa namna mbili. Nairobi ilitengenezewa mpango mkuu mwaka 1948, na katika mji ule rangi ya mtu ndiyo iliyokuwa ikiamua mtaa atakaoishi. Hapa kwetu kidonda ni cha zamani zaidi. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 iliwataka watu wa mwambao wajitokeze kuyadai mashamba yao. Aliyekuja na ushahidi aliandikiwa, na ardhi isiyodaiwa ilihesabiwa kuwa ya Serikali ya Kifalme. Wangapi hawakuja, kwa sababu hawakusikia, au walisikia wasifahamu, au walifahamu wakaona ni upuuzi mtu kwenda kudai shamba ambalo babu yake amezikwa ndani yake? Tulipoiona saini yetu ndani ya lile faili, wazee wale ndio waliotujia akilini. Wao walipoteza kwa kutokwenda. Sisi tulikwenda, tukala sambusa.

Lakini ni kosa kudhani kwamba fani hii ni ngeni katika dini na utamaduni wetu. Sisi tuliokaa kwenye mikeka ya madrasa tuliisoma, ila hatukujua kwamba ina jina jingine. Tulisoma hadithi mashuhuri inayokataza kudhuru na kulipizana madhara, na mafakihi waliijengea juu yake milango mizima ya haki za jirani: dirisha lisichungulie ua wa mwenzio, mlango usielekeane na mlango, moshi na maji yako yasiwe balaa kwa aliye chini yako. Tulisoma kwamba watu wakihitilafiana juu ya upana wa njia, Mtume, rehema na amani zimshukie, aliuweka kuwa dhiraa saba, yaani mita tatu na kitu. Tabari asimulia katika tarehe yake kwamba mji wa Kufa ulipoanzishwa katika ukhalifa wa Sayyidna Umar, barabara ziliwekewa vipimo, za dhiraa arubaini, thalathini na ishirini, na vichochoro dhiraa saba. Karne ya 14 huko Tunis aliishi mwashi aitwaye Ibn al-Rami, aliyekuwa akiitwa na makadhi kwenda kukagua kuta na mifereji iliyogombaniwa, akaandika kitabu kizima cha hukumu za majengo. Ibn Khaldun, katika Mukadima yake, alifafanua mji wafaa kujengwa mahali pa hewa gani na maji gani, na hakuogopa kuwakosoa Waarabu waliochagua mahali pa Kufa, Basra na Kairawan kwa kutazama malisho ya ngamia tu.

Tulimsomea binti yule habari za Ibn al-Rami kutoka kwenye Kiarabu. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza mbona hakuna aliyemwambia haya kabla hajaenda Nairobi. Hatukuwa na jibu.

Na miji yetu wenyewe ni ushahidi. Atembeaye Lamu, katika mtaa wa Mkomani, ataona vichochoro vyenye upana wa kutosha punda na mzigo wake, kuta ndefu zinazotoa kivuli mchana kutwa, madaka ambapo mgeni hupokewa bila kuingia ndani, na wikio likivuka juu ya njia ili kuiunganisha nyumba ya mama na ya bintiye. Hayo hayakutokea kwa bahati. Katika miaka ya 1970 Usam Ghaidan, aliyekuwa akifundisha usanifu katika Chuo Kikuu cha Nairobi, aliupima mji ule na kuuandikia vitabu. Mwaka 1986 Francesco Siravo na Ann Pulver wakatoa mpango wa kuuhifadhi. Na mwaka 2001 UNESCO ikauingiza katika orodha ya urithi wa dunia. Twawashukuru kwa kazi yao. Lakini twajiuliza, mbona katika majina hayo halimo la mtoto wa Lamu?

Kuna jambo ambalo mgeni, hata awe na shahada tatu, litampa taabu kulifahamu. Mombasa, hasa Majengo na Kisauni, kuna utaratibu wa nyumba bila ardhi: nyumba ni yako, umeijenga, utairithisha, ila kiwanja ni cha mwingine unayemlipa kodi. Kitabu cha Ulaya hakina ukurasa wa jambo hilo. Kuna ardhi ya wakfu, ambayo haiuzwi wala hairithiwi, na anayechora barabara juu yake hajui kama amegusa haki ya maiti. Kuna mizimu, makaya, visima vya zamani, na madiko kama letu. Mtoto aliyekulia humu huyajua kabla ya kwenda chuoni. Chuo humpa lugha ya kuyaandika.

Na lile neno maeneo, katika jina la somo, wengi hulipita. Binti yetu alitufahamisha kwa glasi ya maji. Alituuliza maji ya Mombasa hutoka wapi. Tukasema bombani. Akacheka. Mombasa haina mto wa maji matamu. Maji yake hutoka chemchemi za Mzima, huko Tsavo, zaidi ya kilomita 200. Kutoka Marere katika milima ya Shimba na visima vya Tiwi, Kwale. Na kutoka Baricho kando ya mto Sabaki, Kilifi. Chanzo chake kiko kwa jirani. Kaunti ya watu 1,208,333, kwa hesabu ya mwaka 2019, huoga na kupika kwa maji ya kaunti nyingine tatu. Msitu wa Shimba ukikatwa, mfereji wa Mombasa hukauka. Basi atakayeipanga Mombasa peke yake, akaukomesha mpango wake daraja la Nyali, hajapanga kitu. Hiyo ndiyo mipango ya maeneo. Reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi iliyofunguliwa mwaka 2017, na bandari ya Lamu, ni mambo ya namna hiyo hiyo: meli hutia nanga mahali pamoja, na maisha hubadilika mahali pengi.

Mzazi atauliza juu ya kazi, na ana haki. Hatutampamba. Kila kaunti katika zile 47 inatakiwa na sheria iwe na mpango wa ardhi wa miaka kumi, na Sheria ya Upangaji wa Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 imeongeza wajibu huo, kwa hivyo haja ipo. Haja na ajira lakini si kitu kimoja. Wako waliomaliza wakangoja. Wengine hufanya kazi na makampuni ya ushauri, mashirika ya mazingira, au miradi ya makazi. Na anayetaka kuweka saini yake kwenye mpango sharti asajiliwe na bodi iliyowekwa na sheria ya mwaka 1996, na hilo huja baada ya shahada, kwa miaka ya kazi na mitihani. Somo lina gharama ya kuchapisha ramani na safari za nyanjani. Lataka mtu asiyeogopa hesabu, apendaye kutembea juani, na awezaye kumsikiliza mzee aliyekasirika hadi amalize.

Wala elimu peke yake haimfanyi mtu mwadilifu. Yule aliyeiacha njia yetu nje ya ramani alikuwa amesoma. Hatujui kama alisahau au alisahaulishwa. Twajua tu kwamba mkutanoni hapakuwa na mtu wa kwetu aliyesoma kama yeye.

Kuhusu mabinti kwenda kusoma mbali, tumeulizwa sana, na rai yetu wasomaji wanaijua: patafutwe makazi ya heshima, jamaa waulizwe, mzazi aende akaone kwa macho yake. Hatuoni kwamba shaka hizo ni sababu ya kumzuia. Mama karanga walizungumza na binti yule mambo ambayo mpangaji mwanamume asingeambiwa: wapi kichochoro kina giza, wapi hawapiti baada ya Magharibi, wapi hawana pa kujisitiri tangu alfajiri hadi adhuhuri. Yote yaliingia kwenye pingamizi.

Juma lililopita yule mzee jirani alikuja tena, safari hii na mjukuu wake wa kike aliye kidato cha tatu. Anapenda Jiografia. Mzee hakututazama sana usoni, nasi hatukumtazama sana. Tulimwomba radhi mbele ya baraza kwa ushauri wa mwaka ule. Alisema yamekwisha, akaagiza kahawa. Kisha akatuuliza binti wa mtaa wa pili atarudi lini likizo, ili mjukuu akae naye.

Atarudi mwezi ujao. Kabla ya kuondoka alituachia kazi. Alisema njia ya diko ilipatikana kwa sababu mpimaji mmoja wa zamani aliitia kwa vidoto, lakini ziko njia ambazo hakuna aliyezitia popote isipokuwa vichwani mwa wazee, na wazee wanaondoka. Ametuagiza tukae nao tuandike kila njia, kila kisima, kila kiwanja cha wakfu na kila mti uliokuwa mpaka, kwa jina lake na kwa mashahidi wawili. Tumeanza. Mpaka sasa tumejaza daftari nusu, na Ijumaa iliyopita mzee mmoja aliyepita miaka themanini aliikumbuka njia ya kuendea kisima cha maji matamu ambayo sisi tuliozaliwa hapa hatukupata kuisikia; tulipoifuata ilituishia kwenye ukuta wa kituo cha mafuta. Tutaendelea Jumamosi baada ya Alasiri, hapo hapo barazani. Mwenye hati kuukuu, au mwenye babu bado anayekumbuka, amlete. Kahawa ipo.